Je, Domplin Alipulizwa?

Kati ya saluni yangu na duka la Quilvio kuna ukuta wa mbao, na ukuta huo haujawahi kuzuia neno hata moja. Nikinyoosha nywele za watu huku, nasikia kila chupa inayofunguliwa kule, kila kete ya domino inayogongwa mezani, na kila upuuzi unaosemwa na wanaume wazima waliotumwa sukari na wake zao. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba mambo ya besiboli siyajui. Nimeyasikia mpaka yakanitoka puani.

Na sauti kubwa kuliko zote kule dukani ni ya mume wangu.

Siku redio ilipotangaza kwamba Eladio Hodge anastaafu, na kwamba baada ya miaka yote ile ya Ligi Kubwa huko Marekani atakuja kucheza mchezo wake wa mwisho hapa kwetu San Pedro, Jamhuri ya Dominika, Jumapili saa kumi jioni, mtaa mzima ulipiga kelele. Kina mama walitoka barazani na miiko mikononi. Quilvio alizima muziki, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye msiba wa shangazi yake. Halafu, katikati ya ule ukimya, nikamsikia Wenceslao wangu akisema polepole, kama daktari anayetoa majibu:

"Mchezaji mzuri. Lakini alipulizwa."

Kupulizwa, kwetu, ni kuwa na sifa kubwa kuliko mchezo wako. Watangazaji wamekujaza upepo, na ukitobolewa kwa sindano inabaki ngozi tu.

"Wenceslao, umeanza," Quilvio akasema.

"Sijaanza. Naendelea."

"Mtu kapeleka mipira nje ya uwanja mpaka watu wakachoka kuifuata. Ana pete ya ubingwa. Jina lake linajulikana mpaka Japani."

"Jina. Umelisema mwenyewe. Jina."

"Tena jina lenyewe tulilompa mtaani ni Domplin. Domplin haipulizwi, bwana. Ni unga na maji, unaitia kwenye maji ya moto, inatoka nzito vilevile. Ukitaka kitu cha kuvimba, nenda kanunue yaniqueque ya kukaanga pale pwani, imefura nje, ndani hamna kitu."

Watu wakacheka. Mume wangu akasubiri wamalize.

"Alikuwa domplin alipokuwa hapa," akasema. "Alipofika Marekani wakamkaanga."

Hapo walicheka zaidi, na mimi nilikuwa najua kinachofuata. Nilisikia ufagio wa Quilvio ukichukuliwa pembeni ya friji. Nilisikia kiti kikisogezwa. Mume wangu alikuwa anasimama katikati ya duka na ufagio wake, anaupiga mpira usiokuwapo, halafu anaganda: shingo imenyooka, mdomo wazi kidogo, ufagio hewani, kama mtu aliyesahau funguo ndani na mlango umeshajifunga. Dukani wakaangua kicheko, kama kila siku.

Maana huo ndio ulikuwa ugonjwa wa Eladio, na kila anayefuata mchezo huu anaujua. Katika besiboli ukishaupiga mpira unakimbilia kituo cha kwanza papo hapo, kabla hawajauokota na kuutupa kule. Eladio alikuwa hakimbii papo hapo. Alikuwa anasimama kwanza, kitambo kidogo tu, kufumba na kufumbua, ndipo aende. Mipira mingi iliyokuwa halali yake ilimfia kwa sababu ya kule kusimama. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba ni majivuno, kwamba anajitazama. Redio zetu zilisema ni uvivu wa mtu aliyeshiba. Na mume wangu alitengeneza mchezo wa kuigiza.

Nilikuwa nakereka. Si kwa sababu ya besiboli. Ni kwa sababu Eladio na Wenceslao walikuwa mtu mmoja.

Sisi watatu tulikulia mtaa mmoja, ule wa watu waliotoka visiwa vya Waingereza zamani kuja kukata miwa. Nyumba za mbao, mabati, harufu ya sukari guru kutoka kiwandani, na majivu ya miwa yanayotua juu ya nguo zilizoanikwa mpaka kina mama wanatukana kwa lugha mbili. Wakati wa Krismasi ngoma zilipita na watu waliovaa manyoya ya tausi, na wazee walitupa sisi watoto tone la pombe ya guavaberi kwenye kifuniko cha chupa. Nikifumba macho naisikia bado ladha yake. Siku hizi kiwanda kimenyamaza na majivu hayatui tena, na ukiniuliza mimi, nguo safi si malipo ya kutosha.

Jioni zote tulicheza plakita. Unachukua vibao viwili vya namba za gari, unavikunja kidogo visimame, kimoja mwanzo wa mtaa, kingine mbele kidogo. Kila kibao kina mlinzi mwenye gongo lililochongwa kwa ubao. Wapinzani wanarusha mpira kukiangusha kibao chako, na wewe unaupiga. Ukiupiga, mnakimbia wote wawili: wewe unakwenda kwa mwenzako, mwenzako anakuja kwako, na mkipishana katikati mnagonganisha magongo. Mkimbio hauhesabiwi mpaka wote wawili wamevuka. Mmoja akibaki nyuma, ni kazi bure.

Mwenye mtaa na mwenye sheria alikuwa Mista Hodge, babu yake Eladio, mzee wa Saint Kitts ambaye hakuvua kofia hata akila. Yeye alicheza kriketi mpaka wenzake wa kriketi wakaisha kufa, akabaki na sisi na vibao vyetu. Na sheria yake kubwa ilikuwa hii: anayepiga hautafuti mpira. Macho yake yameshafanya kazi. Anayeuona ulikokwenda ni mwenzake aliye ng'ambo, na ni yeye anayeamua. Akiona panafaa, anaita, "Kom!" Njoo, kwa Kiingereza cha visiwani. Usipoitwa hukimbii, hata nyumba yenu ikiungua.

Wenceslao alihamia mtaani kwetu akiwa mvulana mwembamba kutoka mashambani, Kihispania kitupu, Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Siku yake ya kwanza, Mista Hodge mwenyewe akiwa ng'ambo na gongo, yule mvulana aliupiga mpira ukaingia chini ya mkokoteni wa muuza mkaa.

"Kom!" mzee akaita.

Wenceslao akadhani ameulizwa jambo. Akasimama wima katikati ya mtaa, akajibu kwa adabu kabisa, kwa Kihispania: "Komo?" Yaani, unasemaje?

Kibao chake kikaangushwa palepale. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku ile jina lake ni Komo, na hata padri aliyetufungisha ndoa nusura alitaje. Jina limemfaa, maana mpaka leo ukimwambia jambo la maana, neno lake la kwanza ni kukuuliza umesemaje.

Mista Hodge ndiye aliyewafanya hao wawili jozi. Domplin alikuwa mzito wa kufikiri na mwepesi wa mikono, Komo alikuwa na macho ya mwewe na sauti nyembamba iliyopenya redio zote za mtaa na king'ora cha kiwanda. Domplin alipiga, Komo aliita. Waliwafunga watu wazima. Walikuja wavulana kutoka mitaa mingine na magongo yaliyopakwa rangi, wakarudi makwao kimya. Mimi nilikuwa mrushaji, na nilirusha vizuri kuliko wote, lakini hilo halijadiliwi dukani kwa Quilvio.

Baadaye walikuja watu wa kusaka vipaji, na plakita ikawekwa kando. Walimpenda Eladio. Wenceslao walimpima urefu kwa macho, wakamwambia asubiri, na hawakurudi. Alikwenda kiwandani, na kiwanda kilipofungwa akaenda kutengeneza cherehani kwenye viwanda vya nguo, na ndiko aliko mpaka leo. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Angelalamika ningemwelewa. Badala yake akaanza kuchambua.

Mwanzoni Eladio alipita kwetu kila Krismasi, anakaa jikoni, anakula domplin na chewa, anambeba binti yetu mabegani. Kisha Krismasi moja Wenceslao akapiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio ya hapa, akataja jina lake kamili kama mtu anayetoa ushahidi, akasema yule mtu amepulizwa. Mji mzima ulisikia. Eladio alisikia pia. Krismasi iliyofuata hakupita, wala iliyofuata hiyo. Na mume wangu hakwenda kumtafuta. Alisema, "Kama ukweli umemuuma, ndio dawa." Lakini kila mchezo wa Eladio aliutazama mpaka mwisho, amekaa ukingoni mwa kiti, na akishindwa yule, huyu chakula hakimshuki.

Nilimkumbuka Eladio. Nilimkumbuka mume wangu pia, yule aliyekuwa na Eladio.

Jumamosi, kesho yake ikiwa ndio mchezo, mchana watu walikuwa wamekwenda kula. Saluni nilikuwa nimebaki na Nereida tu, mwalimu mstaafu, kichwa chake na rola zake viko chini ya mashine ya kukaushia. Mlango wa jikoni ukagongwa. Nikafungua, na mlango ukajaa mtu.

"Shemeji," akasema, "mkono wako bado unarusha?"

"Na tumbo lako bado linakula?" nikamjibu, nikamkumbatia mpaka akaguna. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Alinukia marashi ya gharama na, chini ya marashi, alinukia yeye.

Nereida alitoa kichwa chini ya mashine. "Ercilia," akaniambia, "punguza moto. Namwona Domplin."

"Ndiye mwenyewe, mwalimu."

"Basi mwambie asimame vizuri, anaziba hewa."

Eladio alicheka, akambusu kwenye shavu. Alikuwa amekuja kwa nyuma ili mtaa usijue. Alitaka kuvuka mpaka dukani, akamwone Komo uso kwa uso. Alikuwa ameshashika kitasa aliposikia sauti ukutani.

"Tuongee takwimu," mume wangu alikuwa anasema. Wenzake wana njaa, yeye ana takwimu. "Toeni ile miaka miwili mizuri. Kinabaki nini? Mchezaji wa kawaida mwenye tabasamu."

"Toa Krismasi na Pasaka, mwaka unabaki nini?" Quilvio akamjibu. "Na wewe nikikutoa mdomo kinabaki nini?"

Eladio akaweka kidole mdomoni kutuzuia, akavuta kiti, akakaa chini ya mashine ya pili, sikio kwenye mbao. Alikuwa anatabasamu. Kila Wenceslao alipomchoma, yeye alitikisa kichwa, "Kweli hiyo," au, "Hapo kanionea." Nereida alimpa kipande cha keki yake. Walikaa wawili chini ya zile mashine kama wanaosikiliza mchezo wa redio, na mimi nilisahau miaka iliyopita, nikasimama nawatazama na kitana mkononi.

Kisha ufagio ukachukuliwa. Kiti kikasogezwa. Kicheko kikalipuka.

"Anafanya nini?" Eladio akauliza.

"Anakuigiza wewe. Unavyoganda."

"Hufanya hivyo mara nyingi?"

"Siku ya mchezo, kila mara. Siku isiyo na mchezo, anajikumbusha."

Tabasamu likamwishia. Alikaa akitazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka.

"Shemeji, kumbe yeye hajui?"

"Hajui nini?"

"Nilikuwa nasubiri kuitwa."

Sikumwelewa mara moja. Akaeleza polepole, kwa aibu, kama mtu anayeonyesha kidonda.

"Nikishapiga sijui mpira uko wapi. Masikio yanafunguka yenyewe. Nasubiri sauti. Halafu nakumbuka kwamba ng'ambo hakuna mtu, ndipo nakimbia. Makocha walijaribu kila kitu. Walinipeleka hata kwa daktari wa kichwa, akaniuliza utotoni niliogopa nini. Sasa ningemwambia namsubiri Komo? Angeandika nini yule bwana?"

Nereida alizima mashine yake mwenyewe. Mimi niliumia, nasema kweli. Niliumia mpaka nikakasirika, maana kule upande wa pili mume wangu alikuwa bado ameganda na ufagio wa watu, na wanaume wanampigia makofi.

Nikataka kwenda kumvuta sikio. Eladio akanishika mkono. Hakwenda dukani tena. Aliacha tiketi mbili juu ya meza yangu, kando ya chupa za rangi: viti vya chini kabisa, kando ya uzio, upande wa kituo cha kwanza.

"Mlete," akasema. "Akitaka kunizomea, anizomee nikiwa namsikia. Ila hilo la kusubiri usimwambie. Asije kwa huruma."

Nilikubali kwa mdomo.

Wenceslao alizitazama tiketi, akasema hana haja ya kwenda kuaga upepo. Kisha akapiga pasi shati lake jeupe. Asubuhi akaniambia, bila kunitazama, "Nakwenda kuhakikisha kama nilikuwa sahihi."

"Twende ukahakikishe," nikasema.

Uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Matarumbeta, vifuniko vya sufuria, watu wamevaa fulana zenye jina la Hodge mgongoni. Zamu ya kwanza Eladio aliukosa mpira kila ulipokuja, akarudi zake bila kulalamika. Mume wangu alikunja mikono. "Unaona," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Zamu ya pili aliupiga. Mpira ukaenda chini kwa chini, wa polepole, mpira ambao mtu anayekimbia papo hapo anafika. Eladio akasimama. Shingo imenyooka, mdomo wazi kidogo. Nilikuwa nimeona maigizo ya mume wangu kwa miaka mingi nikasahau jinsi kuganda kwenyewe kulivyo. Sikuona majivuno. Niliona mtu anayesikiliza. Kisha akakimbia, na mpira ukafika kabla yake.

Watu wakacheka, wengine kwa mapenzi. Nyuma yetu kijana mwenye kofia mpya akasema, "Huyu babu alipulizwa tu."

Mume wangu aligeuka mzima mzima.

"Wewe ulimwona lini?"

"Mzee, mimi nasema tu..."

"Unasema tu. Mimi namsema kwa sababu namjua. Wewe unamsemea nini?"

Kijana akavuta kofia chini. Wenceslao akageuka mbele, anahema, masikio mekundu. Nami nikaona kwamba ahadi niliyoitoa kwa mdomo imetosha.

"Wences," nikamwambia, "anakusubiri wewe."

"Komo?"

"Anapoganda. Hajitazami. Anasubiri umwite. Tangu Marekani, tangu siku ya kwanza. Ameniambia mwenyewe, jana, amekaa saluni kwangu huku wewe umeshika ufagio."

Aliweka mikono juu ya magoti akaitazama, kama vile inaweza kumtetea. Muuza karanga alipita, akasimama mbele yetu, akaona uso wake, akaendelea. Timu zilibadilishana zamu mara mbili na mume wangu, ambaye hajawahi kunyamaza uwanjani hata wakati wa wimbo wa taifa, alikuwa bado anaitazama mikono yake. Nilitaka kumshika mkono, nikaona nimwache nao.

Zamu ya mwisho Eladio alipotoka na gongo lake, uwanja mzima ulisimama na kuita Domplin, Domplin. Aligusa kofia. Mrushaji alikuwa kijana aliyezaliwa wakati yule ameshaanza kuwa maarufu, naye hakumwonea huruma. Mpira wa kwanza ulipita. Wa pili Eladio aliugonga vibaya, ukaruka chini ukidunda kati ya mrushaji na kituo cha tatu.

Mume wangu alikuwa ameshasimama.

"Kom!"

Sauti ilikuwa ileile. Nyembamba, kali, sauti ya mvulana wa mashambani. Ilipita matarumbeta na vifuniko vya sufuria kama ilivyokuwa inapita king'ora, na gongo la Eladio lilikuwa halijagusa ardhi, yeye ameshaondoka. Alikimbia vibaya, magoti yanamgombeza, tumbo linamtangulia, lakini alikimbia tangu hatua ya kwanza. Akakanyaga kituo, mpira ukafika. Mwamuzi akatandaza mikono. Salama.

Sijui kama alifika kweli. Quilvio anaapa kwamba mwamuzi alimpa zawadi. Lakini mwamuzi ndiye mwamuzi, na uwanja ulikuwa unatikisika.

Ilikuwa imepangwa kwamba akifika atoke, kijana aingie kukimbia badala yake, kocha amkumbatie, muziki upigwe. Kijana akaja. Kocha akaja na mikono wazi. Eladio akatikisa kichwa. Aliinama, mikono magotini, akavuta pumzi, kisha akageuka kwenye uzio, kwetu. Alikuwa karibu kiasi cha kuona jasho kwenye zile mvi. Akaweka viganja mdomoni.

"Kom!"

Na mume wangu, Mungu amweke, mbele ya mji mzima, akajibu:

"Komo?"

Wazee wa mtaa wetu waliokuwa upande ule walicheka wote kwa pamoja, na mimi nilicheka huku nalia.

"Mkimbio haujahesabiwa," Eladio akapaza sauti. "Wewe bado hujavuka."

Wenceslao alinigeukia. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya ndoa yetu.

"Nenda, mume wangu," nikasema. "Usimwache ng'ambo."

Aliupanda uzio kwa suruali yake nzuri na mfuko ukachanika. Askari wa uwanja alimwendea mbio, Eladio akanyanyua mkono, askari akasimama. Mume wangu alikimbia, na yeye tumbo lake mbele, akielekea pale Eladio alipopigia. Alipompita Eladio hawakuwa na magongo, wakagonganisha ngumi, na mume wangu hakusimama, kwa sababu Mista Hodge hakuruhusu kusimama katikati. Alifika. Gongo lilikuwa limelala mchangani. Akaliokota, akaligusisha ardhini mbele ya miguu yake, kama tulivyokuwa tunafanya, kuonyesha kwamba mlinzi amefika kwake.

Uwanja ulipiga makofi bila kujua unapigia nini. Sisi wa mtaa wetu tulijua.

Jumatatu nilifungua saluni mapema. Nereida alikuja na nywele ambazo hazikuhitaji chochote, akakaa karibu na ukuta. Dukani kulikuwa kumejaa na hakuna aliyecheza domino.

"Haya, bwana," Quilvio akasema. "Tumalize. Alipulizwa au hakupulizwa?"

Nikasikia chupa ya mume wangu ikiwekwa mezani.

"Kidogo," akasema. "Mkono wake wa kutupa ulikuwa wa kawaida. Mipira ya kupinda ilimsumbua mpaka mwisho. Ile pete, wenzake walimbeba."

"Na kule kuganda," mtu akadakia, na nikasikia ufagio ukichukuliwa pembeni ya friji, ili apewe mwenyewe aigize. "Tena kule kuganda ndiko kulimponza zaidi."

Ufagio ukarudishwa mahali pake.

"Hilo mtoeni," mume wangu akasema. "Hilo si lake. Hilo ni langu."